Rimu Nyepesi kwa Gari la Spoti la Zamani: Uzito Hauji Kwanza

Wanapokutana watu wanaopeleka magari yao kwenye viwanja vya mbio, haikosi kusikika kauli hii: kilo moja ikipunguzwa kwenye gurudumu ni sawa na kilo nne kupunguzwa kwenye bodi. Wengine hufika hadi kumi. Kauli hiyo imeuza rimu nyingi, na imewafanya wengi wachague rimu kwa kutazama namba moja tu, ile ya mizani. Hesabu yenyewe haikubali.

Gurudumu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linakwenda mbele pamoja na gari, na linazunguka. Injini hulipia zote mbili. Kilo iliyo ukingoni kabisa, pale mpira unapogusa lami, hulipiwa mara mbili kamili, na hapo ndipo mwisho. Tairi isiyoteleza haiwezi kuvuka hapo. Kilo iliyo karibu na kitovu hulipiwa kidogo tu zaidi ya mara moja. Chukua tairi ya 195/50R15, yaani upana wa milimita 195, ukuta wa asilimia 50 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 288. Pipa la rimu ya inchi 15, ile silinda inayovishwa tairi, liko milimita 190 hivi kutoka katikati. Gawa 190 kwa 288, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.44. Maana yake kilo ya pipa huhesabika kama kilo 1.44. Ukijumlisha pipa, spoki (mikono inayounganisha pipa na katikati) na kitovu, rimu nzima huangukia kati ya 1.25 na 1.3.

Tuseme gari lina kilo 1,100 pamoja na dereva, na umepunguza kilo 2 kwa kila rimu. Hizo ni kilo 8, na kwa injini ni kama kilo 10. Umepunguza chini ya asilimia 1 ya mzigo. Si bure, lakini ni kidogo kuliko tofauti ya tangi lililojaa na tangi la nusu.

Linganisha na kosa ambalo watu hulifanya wakidhani wanaboresha gari. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilivaa tairi za 185/60R14, zenye kipenyo cha milimita 578. Mtu akiivisha rimu za inchi 17 na tairi za 215/40, kipenyo kinafika milimita 604. Gari sasa lina gia ndefu kwa asilimia 4.5 katika kila namba, na nguvu inayofika lamini imepungua kwa karibu kiasi hichohicho. Hata rimu hizo za inchi 17 zingekuwa nyepesi kuliko zote sokoni, haziwezi kurudisha kilichopotea. Na kwa kawaida si nyepesi: rimu za kiwandani za inchi 14 za gari hilo zina kilo 5 na nusu hivi kila moja, uzito ambao rimu nyingi za inchi 17 hazikaribii.

Kwa hiyo wepesi una faida gani? Faida yake kubwa iko kwenye kushika lami, zaidi ya kuongeza kasi. Rimu, tairi, diski, kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) na habu (kitako kinachofungiwa gurudumu) vyote haviko juu ya springi. Vinapopanda ukingo wa njia kwenye kona, kinachovirudisha chini ni springi na shokapu peke yake, na kadiri vilivyo vizito ndivyo tairi inavyochelewa kurudi kwenye lami. Kwenye gari dogo la zamani uzito huo huwa kama kilo 30 kwa kila gurudumu. Kuondoa kilo 2 hapo ni karibu asilimia 7, na hiyo dereva anaihisi: gari linatulia mapema baada ya ukingo, na stelingi haipigi mikono sana. Ila shokapu zikiwa zimechoka, rimu nyepesi haitasaidia kitu, kwa sababu gurudumu litaendelea kurukaruka, mara 13 hivi kwa sekunde, bila kitu cha kulizuia. Mwenye shokapu za miaka ishirini aanze na hizo.

Na usisahau tairi. Tairi ya 195/50R15 ina kilo 8 hivi, mara nyingi zaidi ya rimu inayoibeba, na uzito wake uko mbali zaidi na katikati. Mtu anaweza kuhangaika miezi akitafuta rimu iliyo pungufu kwa nusu kilo, kisha akaivisha tairi iliyo nzito kwa kilo moja na nusu kuliko nyingine ya saizi ileile. Pima tairi pia.

Tairi ndiyo inayochagua rimu

Mpangilio sahihi wa kuchagua unaanzia kwenye mpira. Angalia kwanza ni semisliki (tairi za mbio zenye mikato michache) zipi zinapatikana, kwa saizi ipi, na zitaendelea kupatikana. Inchi 13 na 14, zilizokuwa za kawaida kwenye magari ya miaka ya 1970 na 1980, zimebaki na tairi chache za mbio. Inchi 15 bado ina uchaguzi mzuri wa 195/50, 205/50 na 225/45, na ndiyo maana magari mengi madogo ya zamani huishia hapo: 195/50R15 ina kipenyo cha milimita 576, karibu sawasawa na ile ya kiwandani ya MX-5, kwa hiyo gia na spidomita havibadiliki.

Upana wa rimu unafuata tairi. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu unaoruhusiwa: 195/50R15 huanzia inchi 5.5 hadi 7, na 205/50R15 inchi 5.5 hadi 7.5. Kwa uwanja wa mbio chagua upande wa juu wa kiwango hicho. Ukuta wa tairi ukisimama wima na kutanuka kidogo, tairi hailali sana kwenye kona na bega lake la nje haliliwi upesi. Rimu nyembamba iliyovishwa tairi pana ni nyepesi kwenye mizani na mbaya kwenye kona.

Kisha breki. Rimu lazima ipite kalipa kwa nafasi ya milimita 3 angalau, kwenye pipa na kwenye mgongo wa spoki. Kosa la kawaida ni kupima pipa tupu na kusahau kwamba vyuma vya balansi vitabandikwa ndani yake, na huongeza milimita 3 hadi 5. Watengenezaji wa kalipa kubwa hutoa mchoro wa kipimo kamili. Uchapishe, ukate kwenye kadibodi nene, uuingize ndani ya rimu kabla hujanunua. Rimu mbili za saizi ileile na ofseti ileile zinaweza kutofautiana kwa milimita 15 pale spoki zinapopita mbele ya kalipa.

Ofseti, na hesabu ya milimita

Ofseti, inayoandikwa ET, ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Watu huisoma peke yake, ilhali haina maana bila upana. Rudi kwenye MX-5: rimu ya kiwandani ni 14x5.5 ET45, na mtu anataka 15x7 ET35. Nusu ya upana wa inchi 5.5 ni milimita 69.85, jumlisha 45, unapata 114.85 kuelekea ndani. Nusu ya inchi 7 ni 88.9; jumlisha 35, unapata 123.9. Rimu mpya inasogea milimita 9 kuelekea shokapu. Upande wa nje unatoa badala ya kujumlisha: 24.85 kwa ya zamani na 53.9 kwa mpya. Inatokeza milimita 29 zaidi. Sasa unajua swali la kuuliza: je, kuna milimita 9 ndani na 29 nje?

Jibu halipatikani gari likiwa limesimama kwenye sakafu. Toa springi, funga gurudumu, inua habu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, kisha zungusha stelingi hadi mwisho kushoto na kulia. Bandika vipande vya udongo wa kufinyangia kwenye ukingo wa ndani wa madgadi na kwenye shokapu. Penye udongo uliobakia chini ya milimita 5, tairi itagusa siku ya kazi, kwa sababu bushi za mpira hujikunja chini ya mzigo na habu haibaki pale ulipoipima.

Kutoa gurudumu nje kuna gharama nyingine isiyoonekana. Kila milimita 10 unazopunguza kwenye ofseti husogeza kwa milimita 10 mahali tairi inapogusa lami kulingana na mhimili wa stelingi. Stelingi inakuwa nzito, gari linavuta upande breki zikishika bila usawa, na beringi za habu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Beringi za gari la miaka thelathini hazikuundwa kwa semisliki, sembuse semisliki zilizosogezwa nje.

Matundu nayo hayana msamaha. Duara la 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na la 4x98, linalotumika kwenye Fiat na Alfa Romeo nyingi za zamani, yanafanana machoni, na nati zitaingia. Tofauti ni milimita moja kwa kila tundu, lakini milimita hiyo inazivuta stadi (vyuma vya nyuzi vilivyopachikwa kwenye habu) au boliti upande na kuipinda rimu isikae sawasawa. Mini ya zamani ina 4x101.6, na mtego ni uleule. Tundu la katikati nalo likague: habu ya MX-5 ya kwanza ni milimita 54.1, ya BMW E30 yenye boliti nne ni 57.1, ya Porsche 911 ni 71.6. Rimu yenye tundu kubwa kuliko habu huhitaji pete ya kuiweka katikati. Nunua pete ya aluminiamu. Ya plastiki huyeyuka pale joto la breki linapofika kwenye habu, na utaitoa na bisibisi vipande vipande.

Namba iliyofichwa mgongoni mwa spoki

Kuna namba muhimu kuliko uzito wa rimu, nayo ni uzito ambao rimu inaruhusiwa kubeba. Huchapwa nyuma ya spoki au karibu na matundu, kwa mfano 520KG. Wengi hugawa uzito wa gari kwa nne na kuona wako salama. Tufanye hesabu ya kona badala yake.

Gari lilelile la kilo 1,100, uzito umegawanyika sawa mbele na nyuma, kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya lami, na upana kati ya magurudumu ni mita 1.4. Likisimama, kila gurudumu lina kilo 275. Kwenye kona ya 1.2 g (msukumo wa upande wa mara 1.2 ya uzito wa gari), ambayo semisliki nzuri inaiweza, kilo 236 huhama kutoka gurudumu la ndani hadi la nje kwenye kila ekseli. Gurudumu la nje la mbele sasa limebeba kilo 511, na juu ya hizo kuna msukumo wa upande unaozidi kilo 600, unaoishika rimu pale chini na kutaka kuikunja kwenye habu. Hapo bado hujaweka breki, wala ukingo wa njia.

Viwango vya barabarani havikuandikwa kwa ajili ya hali hiyo. Fomula ya jaribio la kupinda inayotumiwa sana huchukulia kwamba tairi hushika lami kwa mara 0.7 tu ya uzito inaoubeba, kisha huongeza kiasi cha usalama. Semisliki inayofika 1.2 hukila kiasi hicho cha usalama kila mzunguko. Ndiyo maana kwa gari la uzito huu rimu ya kilo 520 iko ukingoni kwa kazi ya mbio, na ile ya 600 na kuendelea inastahili hata ikiwa nzito kwa robo kilo.

Tafuta pia alama. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na VIA huonyesha kwamba kutimiza kiwango hicho kumethibitishwa na mkaguzi aliye nje ya kiwanda. TÜV, shirika la ukaguzi la Ujerumani, hutoa ripoti yenye magari na saizi zilizokubaliwa. Rimu ya kuiga isiyo na alama yoyote, isiyotaja mzigo wala kiwanda, isiingie uwanjani hata ikiwa nyepesi namna gani. Mara nyingi wepesi wake umetokana na kupunguza metali mahali ambapo mtengenezaji wa rimu asilia aliiacha kwa makusudi.

Kusubu na kufua

Rimu nyingi husubiwa: aluminiamu yenye silikoni na magnesia kidogo humiminwa ikiwa uji ndani ya kalibu, kisha hupashwa joto kwa hatua ili iwe ngumu. Uji ukiganda huacha vitundu vidogo vya hewa, na mhandisi hufidia kwa kuweka metali nyingi. Rimu ya kusubu ya 15x7 huwa na kilo 6.5 hadi 8.

Njia ya pili husubu uso na spoki, kisha pipa hupashwa na kukandamizwa kwa rola huku likizunguka, mpaka linakuwa jembamba na lenye chembe zilizolala mwelekeo mmoja. Pipa ndilo lililo mbali na katikati, kwa hiyo metali inapungua pale inapolipa zaidi. Saizi hiyohiyo hushuka hadi kilo 5.5 hivi. Kwa mtu anayepeleka gari uwanjani mara chache kwa mwaka, hili ndilo chaguo la busara kuliko yote.

Rimu ya kufua hutokana na pande la aluminiamu lililokandamizwa likiwa gumu chini ya mashine ya maelfu ya tani. Haina vitundu, na inaweza kuwa nyembamba bila kudhoofika. Porsche ilianza kuvisha 911S rimu za kufua za Fuchs mwaka 1966, na zile zilizotunzwa bado zinatumika. Rimu ya TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani, iliyotoka mwaka 1996, ilipata namba yake kutokana na kilo 3.7 za rimu ya 15x6. Faida kubwa ya kufua huonekana siku ya ajali ndogo: rimu ya kufua hupindika, wakati ya kusubu inaweza kupasuka na kumwaga upepo wote mara moja.

Magnesia ni nyepesi kuliko aluminiamu kwa theluthi moja kwa ujazo uleule. Rimu za Minilite za miaka ya 1960 zilikuwa za magnesia, na zinavutia sana kwenye gari la umri huo. Lakini magnesia huoza chini ya rangi bila kuonekana, hasa pale inapogusana na chuma penye unyevu. Rimu ya magnesia yenye umri wa miaka hamsini iwekwe kwenye maonyesho. Anayetaka mwonekano huo uwanjani anunue toleo jipya la aluminiamu.

Nati, stadi na msuguano

Gurudumu halishikiliwi na stadi kwa kuzilalia. Linashikiliwa na msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu, na kazi ya stadi ni kubana tu. Nati ya M12 iliyokazwa kwa Newton-mita 100 hubana kwa kilonewton 40 hivi. Nne hufika 160. Chochote kinachopunguza mbano huo ni adui. Rangi nene kwenye uso unaokaa kwenye habu hulainika kwa joto na kubonyea, na nati zinalegea bila mtu kuzigusa. Kwaruza rangi hiyo mpaka metali tupu ionekane. Grisi kwenye nyuzi nayo hudanganya spana ya torki: Newton-mita zilezile huvuta stadi zaidi ya ilivyoundwa, nayo hurefuka. Nyuzi ziwe safi na kavu, isipokuwa kiwanda kimesema vinginevyo.

Nati iingie angalau urefu sawa na unene wa stadi: milimita 12 kwa M12, ambayo ni mizunguko 8 kwa nyuzi zinazopishana kwa milimita 1.5 na karibu 10 kwa nyuzi za 1.25. Mazda, Honda na Toyota hutumia 1.5, Nissan na Subaru hutumia 1.25. Nati isiyo yake itaingia mizunguko miwili kisha itakwama, na mwenye bunduki ya hewa atamalizia kwa kuharibu stadi. Anza kila nati kwa vidole. Ukiongeza speisa (bamba la kusogeza rimu nje), badilisha stadi ziwe ndefu, na speisa iwe na ukingo wa kukaa kwenye habu.

Angalia pia kikalio, mahali nati inapokaa kwenye rimu: rimu nyingi za sokoni hutaka nati ya koni ya digrii 60, Honda za kiwandani hutumia kikalio cha mviringo, na Toyota nyingi hutumia nati ya shingo nyoofu yenye washa. Nati ya mviringo kwenye tundu la koni hugusa mstari mwembamba tu na italegea. Stadi za gari la zamani zibadilishwe zote kabla ya siku ya kwanza uwanjani, kisha zihesabiwe kama pedi za breki, kitu kinachoisha. Kaza kwa torki ya kiwanda, rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, na ukague kabla ya kila awamu ya kuingia uwanjani, magurudumu yakishapoa.

Kwa rimu zilizotumika

Aluminiamu haisahau. Chuma kikibebeshwa mzigo mdogo kinaweza kuvumilia bila mwisho, lakini kwa aluminiamu kila kona huongeza uchovu kidogo, na mwishowe hutokea ufa. Rimu iliyokwisha kukimbia misimu kadhaa ioshwe vizuri na kukaguliwa kwa rangi nyekundu ya kupenya: paka, subiri dakika 10 hadi 20, futa, nyunyiza poda nyeupe, na tafuta mistari myekundu. Maeneo ya kutazama ni mizizi ya spoki upande wa nyuma, kati ya matundu ya nati, ukingo wa ndani wa pipa na tundu la valvu. Tairi inayopoteza upepo polepole bila pancha ipakwe maji ya sabuni kwenye pipa lote. Mapovu katikati ya metali ni ufa.

Usikubali rimu iliyochomelewa kwenye spoki au kitovu. Joto la kuchomelea linafuta ugumu uliowekwa kiwandani, na pembeni ya mshono metali inakuwa laini. Hata rangi ya unga ni ya kuangaliwa: huivishwa kwa digrii 180 hadi 200, juu ya joto lililotumika kuikomaza aloi, na rimu iliyorudiwa rangi mara tatu si tena ile iliyojaribiwa. Ukitaka rangi, tumia ya majimaji ya kupuliza, isiyoivishwa kwa joto hilo.

Zungusha rimu tupu kwenye mashine ya balansi ukiwa na geji ya saa. Mpya nzuri huyumba chini ya nusu milimita. Ikizidi milimita moja, irudishe. Valvu ziwe za chuma, fupi, za kufungwa kwa nati, kwa sababu ya mpira hupinda kwenye kasi kubwa. Vyuma vya balansi vibandikwe kwenye pipa lililosafishwa kwa spiriti na kufunikwa kwa utepe wa aluminiamu, la sivyo joto la breki litavibandua katika mizunguko michache.

Rimu iliyokutwa na ufa usiitupe nzima. Ikate pipa kwa msumeno, ili asije mtu akaiokota, akaipaka rangi na kuifunga kwenye gari lake.